Swali Moja la Eufrosina

Hapana binti, hakusomea hapa. Hapa hakuna shule ya jambo hilo. Alisomea Puebla, chuo kikuu, miaka mitano, mambo ya akili na huzuni za watu. Vyeti vyake vimo humo ndani kwenye sanduku la bati, bibi yake hataki vitundikwe, anasema moshi utavila. Sasa wewe umetoka kote huko na daftari lako kuja kuuliza Nicandra alifikaje kuwa mtu wa kuwaongoza wagonjwa wanaokula uyoga, na yeye mwenyewe ameshuka mjini Huautla kununua mishumaa. Basi utanisikiliza mimi. Mimi Filogonio, babu yake. Kusoma sikusoma, niliishia darasa la pili, mwalimu alikuwa anakuja siku akipenda. Lakini nilikuwepo. Tena mimi ndiye niliyekuwa mwiba kwenye jambo lenyewe. Kaa huko upande wa ukutani, hilo benchi lina mguu mbovu.

Unacheka? Kuna mgeni mmoja lilishamwangusha. Enzi zangu za ujana walikuja wengi, wageni wa nywele ndefu, wanakula uyoga mchana kweupe kama karanga. Mmoja alimkumbatia punda wa shemeji yangu, analia, anasema ni mama yake. Punda naye katulia tu. Wewe naona umevaa viatu vya maana na nywele zako zimechanwa, ndiyo maana naongea nawe.

Nicandra ni mtoto wa mwanangu Celerino. Mwana wa pekee huyo, wengine wawili walikufa wakiwa wachanga. Mama yake Nicandra alikwenda Tehuacán kushona suruali za jinzi kiwandani, akapata bwana, akabaki huko, hatumsemi vibaya. Mtoto tukamlea sisi. Na Celerino, nikwambie, alikuwa na mluzi ambao haujapata kutokea katika milima hii. Wewe wa mjini hujui. Sisi wanaume wa huku tunaongea kwa mluzi. Si kule kuita mbwa, hapana, maneno kamili. Mimi niko kwenye kahawa upande huu wa bonde, yeye yuko kule ng'ambo, ananipigia: baba, leta kamba, na mwambie mama asiweke chumvi nyingi. Na mimi namjibu. Wanawake wanasikia kila kitu lakini wao hawapigi, ni aibu. Basi Celerino angekuchekesha kwa mluzi mpaka ukashika tumbo.

Kahawa ikaja ikashikwa na kutu. Majani yanageuka rangi ya chungwa, yanapukutika, unabaki na vijiti. Nicandra alikuwa mwaka wa pili chuoni. Celerino akasema anakwenda kaskazini, avuke mpaka akatafute kazi, miaka miwili tu arudi. Akapiga simu kutoka huko mpakani, akasema, "Mama, kesho tunavuka, usilale na njaa kwa ajili yangu." Ikawa hiyo ndiyo ya mwisho. Mwezi, mwaka, kimya.

Sasa mke wangu Eufrosina, yule pale anayepepeta maharage anajifanya hatusikii, yeye ndiye alikuwa mwenye ujuzi hapa kijijini. Si mimi. Watu wanatoka mbali, huyu kapotelewa na ng'ombe, yule mtoto wake hasemi, mwingine mume kaenda mjini hana habari zake. Eufrosina anakula uyoga pamoja nao, anaimba mpaka kuche, anawaambia alichoona. Alivyopotea mwanawe mwenyewe, akaketi kuuliza. Mara ya kwanza ukungu. Mara ya pili ukungu. Mara ya tatu akasema ukungu umeingia mpaka kooni, hawezi kuimba. Akakunja kitambaa cha meza yake, akafungia picha za watakatifu ndani, akaweka juu ya dari. Akasema basi.

Swali lake lilikuwa moja tu, na ulishike hilo binti, maana mambo yote yanatoka hapo. Sisi wafu wetu wanarudi kila mwaka, mwanzo wa Novemba. Wanakuja kula. Kila aliyekufa anawekewa sahani yake, chakula alichokipenda, mshumaa wake. Usipomwekea anapita mlangoni, anachungulia, anakuta wenzake wanakula na yeye hana pake. Anaondoka na njaa yake mwaka mzima. Lakini aliye hai humwekei. Ukimwekea aliye hai ni kama umemzika kwa mikono yako. Sasa Celerino je? Kila mwaka Eufrosina anasimama mbele ya ile meza ya wafu, sahani mkononi, ananiuliza, "Baba Celerino, nimwekee au nisimwekee?" Na mimi nasema, "Subiri kidogo, mama. Labda atapiga simu." Anairudisha sahani kwenye kabati.

Kumi na moja. Miaka kumi na moja.

Sasa Nicandra. Alipomaliza chuo akapata kazi palepale Puebla, ya kuwasikiliza watu. Mtu anakuja, anakaa kwenye kiti, anasema, analia, anaondoka. Siku moja nilimtembelea nikamwambia, "Mjukuu wangu, hiyo na mimi naiweza, tena mimi huwa natia na kahawa." Akacheka. Lakini alikuwa amekonda. Akaniambia, "Babu, kuna watu wanakuja kwangu mwaka wa tatu sasa, wanasema kitu kilekile kwa maneno yaleyale. Maneno hayafiki chini."

Halafu madaktari fulani huko wakaanza kufanya majaribio, wanawapa wagonjwa nguvu ya uyoga kwenye kidonge. Wakamchukua Nicandra akafundishwe kukaa na hao wagonjwa. Alinieleza. Mgonjwa analazwa kitandani, anafunikwa macho, anawekewa muziki masikioni, na wewe unakaa pembeni saa saba, nane. Hugusi bila ruhusa. Husemi mpaka akuite. Humwambii aone nini. Akilia unamwacha alie, na wewe upo tu. Nikamwambia hiyo ya kukaa kimya ni ngumu kuliko kulima. Akasema, "Ni ngumu sana babu, walitufundisha miezi sita kukaa kimya."

Basi kulikuwa na mzee mmoja, mgonjwa wake, mkewe amekufa. Katikati ya safari yake ya ile dawa akamshika Nicandra mkono akamwambia, "Nimeuona mlango lakini sijui kuufungua, niimbie kitu." Nicandra akatafuta wimbo ndani yake, akakuta hana. Mjukuu wa Eufrosina, hana wimbo! Akamshika mkono tu mpaka dawa ikaisha. Yule mzee alimshukuru, akaenda zake. Lakini Nicandra akapanda basi usiku uleule akaja huku, akafika asubuhi na mvua, akamwambia bibi yake, "Nifundishe."

Eufrosina akasema, "Sina cha kukufundisha. Wao ndio wanafundisha." Wao, yaani uyoga. Sisi tunawaita watoto. "Na mimi nimeshafunga."

"Basi fungua, bibi."

"We mtoto una kichwa kigumu kama baba yako."

Wakatazamana. Baba yake alikuwa hatajwi ovyo humu ndani.

Misimu miwili ya mvua Nicandra alikuja. Bibi yake alimfagilisha uwanja, alimtwisha maji, alimpandisha mlimani alfajiri kuchuma watoto kabla jua halijawagusa. Alimfundisha kuwahesabu wawiliwawili, mume na mke, kamwe si mmoja. Yeye akawa anaandika kwenye daftari, hivyo hivyo kama wewe. Eufrosina akalichukua lile daftari akapepea nalo makaa, akamrudishia. "Hilo limeniwashia moto vizuri," akasema, "unalo lingine?" Na Nicandra akaketi na wanawake wa ng'ambo ya mto ambao bado wanaendelea na kazi hiyo, akala, akatapika, akalia, akarudi. Taratibu sauti ikaanza kumtoka. Ya kwake, si ya bibi yake.

Mwaka juzi, Septemba, Eufrosina akapanda darini mwenyewe. Miaka sabini na kitu, anapanda ngazi, mimi chini nashikilia nikiogopa asinivunjike. Akashusha kitambaa. Akamwambia Nicandra, "Mtu wa kwanza utakayemwongoza ni mimi. Na nina swali moja, unalijua."

Nicandra akarudi nyuma hatua moja. Akasema, "Bibi, sisi kule hatuongozi watu wa damu yetu. Ni mwiko kabisa. Na hilo swali ni la baba yangu mimi."

"Huku tunaanzia na damu yetu," Eufrosina akasema. "Ukishindwa kwangu utamweza nani?"

Sasa nifike pale ambapo sipendi kufika. Binti, acha kuandika kidogo.

Mimi nilikuwa najua.

Celerino alipotimiza miaka miwili tangu aondoke, alirudi mtu mmoja kutoka kaskazini, anaitwa Otilio, wa kijiji cha chini. Alikuja shambani kwangu, hakuja nyumbani. Alikuwa anachechemea. Akakaa kwenye jiwe, akaniambia walivuka pamoja. Siku ya tatu jangwani maji yakaisha, Celerino mwili ukapata moto, akawa anapiga mluzi. Anaongea na mimi, Otilio alisema. Ananiambia baba, leta kamba. Wakamweka chini ya kijiti kisicho na kivuli. Alipokata roho wakamfunika mawe, wakaenda. Otilio akaniomba radhi kwa kutomchimbia kaburi, ardhi ilikuwa ngumu na hawakuwa na nguvu. Nikamwambia umefanya vizuri mwanangu. Nikamwambia usiseme kwa mtu, nitamwambia mama yake mwenyewe. Baada ya mwezi Otilio akarudi tena kaskazini, huyo naye sijui yuko wapi.

Nikashuka nyumbani nimwambie. Nikamkuta Eufrosina anaosha blanketi la Celerino, anaimba. Nilikuwa sijamsikia akiimba tangu afunge meza. Nikasema basi, leo asubuhi nimwache aimbe. Nitamwambia kahawa ikishachumwa. Kahawa ikachumwa. Nikasema mwaka mpya upite. Mwaka mpya ukapita. Halafu unajua inavyokuwa, kitu ambacho hukukisema siku ya kwanza, siku ya mia unaona aibu kwa siku tisini na tisa zilizopita. Kikaota mizizi. Miaka tisa mke wangu ananiuliza na sahani mkononi, na mimi nasema labda atapiga simu.

Usiku ule basi. Mambo haya ni ya usiku, mchana uyoga hausemi. Tulifunga mlango, mbwa tukamfungia kwa jirani. Nicandra akawasha mishumaa ya nta, akafukiza ubani, akampaka bibi yake tumbaku iliyosagwa na chokaa kwenye viwiko. Akala jozi saba, bibi yake jozi nne. Mimi nikasema tumbo langu bovu, nitaangalia moto tu. Na mtu wa kuangalia moto ni lazima awepo, kwa hiyo hakuna aliyenihoji. Usije ukaandika kwamba uyoga ndio ulinisemesha. Sikula hata mmoja.

Mishumaa ikazimwa, makaa tu yanaonekana. Nicandra akaanza kuimba. Mwanzo alikuwa anakwama, kama gari kwenye tope. Halafu akashika njia. Eufrosina akawa anapumua kwa nguvu, anaugua, na baada ya muda mrefu akasema, "Mwongozaji. Mwanangu yuko wapi?"

Nicandra akaendelea kuimba.

"Yuko wapi? Nimwekee sahani au nisimwekee?"

Na mtoto wa watu, hofu ikamshika, akakimbilia kule kwa walimu wake wa mjini. Akasema kwa ile sauti ya ofisini, "Bibi, unapouliza hivyo, unahisi nini mwilini mwako?"

Eufrosina akakaa wima gizani. "Nimekuuliza yuko wapi! Nahisi nini, nahisi nini, nahisi nimekaa juu ya mkeka na mtoto mjinga! Kama hujaona sema hujaona!"

Usingekuwa usiku ule ningecheka. Nicandra akaanza kulia. Akasema, "Namtafuta, bibi. Namtafuta kweli." Akaimba tena, chini sana. Akatambaa. Nikamsikia anatambaa kwenye mkeka, anapita meza, anapita mlango, anakuja upande wangu. Akafika kwenye moto, akakaa kando yangu, bega lake likagusa bega langu.

Akasema, "Bibi, sijamwona baba. Kila nikishika njia ya baba, njia inanileta hapa kwenye moto. Inaishia kwa babu."

Nikachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Baadaye nilimuuliza, ni watoto waliokwambia, au ni ile shule yako? Akasema, "Babu, mimi nimekaa miaka na watu wanaoficha vitu. Wewe peke yako humu ndani ndiye hukuwahi kuuliza baba yuko wapi. Nilikuwa naliona hilo tangu nikiwa msichana, ila nilikuwa sijui ninachokiona. Usiku ule nikakijua." Kwa hiyo sijui ni ipi. Labda zote mbili.

Lakini pale kwenye moto hakuniuliza kitu. Hilo ndilo ninalotaka uelewe, binti, hapo weka kwenye daftari. Hakusema babu sema. Hakunishika mkono. Alikaa. Zile saa zao za kukaa kimya, akanikalia zote. Na bibi yake, ambaye hajawahi kunyamaza kwa ajili ya mtu, naye akanyamaza. Mvua inagonga bati. Mimi nafungua mdomo, hakuna kitu. Nafungua tena, hakuna. Miaka tisa neno lilikuwa limelala humo, limesahau mlango.

Basi nikapiga mluzi.

Sijui ilikuwaje. Midomo yenyewe ilikaa hivyo. Nilipiga vile tunavyopeleka habari ng'ambo ya bonde mtu anapofariki, polepole, ili yule wa upande wa pili asikose kitu. Celerino amekufa. Amekufa jangwani siku ya tatu. Wamemfunika mawe. Otilio aliniambia.

Eufrosina hakupiga kelele. Akasema, "Piga tena."

Nikapiga tena.

"Otilio alikuja lini?"

Hilo nikalisema kwa mdomo, sauti ikawa imefunguka. Nikasema mwaka gani. Nikamsikia anahesabu, midomo yake inacheza. Halafu akalala chini, uso ukutani.

Na Nicandra, unamfikiria Nicandra? Baba yake huyo. Na yeye ndiyo kwanza anasikia, tena kwa mluzi, na dawa iko kichwani jozi saba. Nikanyoosha mkono nimguse, akauondoa taratibu. Akaninong'oneza, "Mimi nitakukasirikia baadaye, babu. Sasa hivi ni zamu ya bibi." Akatambaa akarudi kule, akakaa karibu na kichwa cha bibi yake, akaimba. Akaimba mpaka kuche. Wimbo huo ulikuwa unamtembeza Celerino kutoka kule jangwani, jiwe kwa jiwe, mto kwa mto, anaitaja milima yote mpaka hii yetu. Bibi yake akawa analia kilio kirefu kinachokwenda na wimbo. Sauti ya Nicandra haikukatika hata mara moja. Nilisema moyoni, huyu sasa ni mwongozaji. Ningependa ingekuwa kwa njia nyingine.

Kulipopambazuka akamfunika bibi yake blanketi, akafungua mlango, akaenda kwenye mibuni nyuma ya nyumba. Huko ndiko nilikomsikia. Alilia kama mnyama. Mbwa wa kijiji kizima wakaitikia.

Sasa sheria yetu ni kwamba ukishaketi na watoto, siku nne hugombani na mtu, hutoi kitu nyumbani, hupokei, hulali na mwenzio, huli vya watu. Ukigomba ndani ya siku nne unaharibikiwa akili. Kwa hiyo Eufrosina hakuweza kunigombeza. Unaelewa adhabu hiyo? Siku nne ananipa uji, ananitazama, anafunga mdomo. Siku ya pili nilimwambia, "Mama, sema tu." Akatikisa kichwa, akanionyesha vidole: bado mbili. Nicandra naye siku hizo alikuwa anakaa na bibi yake asubuhi, hasemi sana, akija kwangu jioni hivyo hivyo. Nilitamani anipige kofi.

Siku ya tano, jua halijatoka, nikasikia Eufrosina ananifunua blanketi.

"Amka."

Nikaamka.

"Miaka tisa," akasema. Hakupaza sauti, afadhali angepaza. "Miaka tisa mwanangu anakuja kwenye mlango huu. Ametembea kutoka huko, na kiu yake. Anamkuta bibi yake, marehemu mama yako, anakula, wadogo zake wachanga wanakula, mpaka mjomba wako mlevi ana sahani. Yeye hana. Anatutazama. Anamtazama baba yake amekaa hapo anatafuna na anajua! Wewe ulinihurumia mimi? Ungemhurumia yeye. Mimi nilikuwa na chakula."

Sikuwa nimewaza hivyo, binti. Naapa. Miaka yote hiyo nilidhani namlinda mtu mmoja. Nilikuwa namnyima mwingine. Nilikaa kitandani nikalia, na yeye hakunibembeleza. Akaenda zake kuwasha moto.

Baada ya hapo hatukula pamoja. Alikula jikoni, mimi nje. Mwezi mzima na ushee. Nicandra alirudi kazini kwake Puebla, akarudi tena mwisho wa Oktoba, akakuta bado. Hakutupatanisha. Alinifuata shambani, akakaa juu ya jiwe lilelile la Otilio bila kujua, akasema, "Sasa ni zamu yangu." Akanikasirikia. Aliyoniambia siyarudii, yalikuwa haki yake, yalikuwa mengi. Alipomaliza akaniuliza, "Baba alisema nini kwenye mluzi wa mwisho?" Nikamwambia: leta kamba. Tukalia wote wawili hapo.

Siku ya kupanga meza ya wafu, Eufrosina akaja nje nilipokaa. Mara ya kwanza kuja mwenyewe. Akasema, "Celerino anaidai nyumba hii miaka kumi na moja ya chakula. Miwili ya kwanza hakuna aliyejua, hiyo nitampikia mimi. Tisa ni yako. Inuka."

"Mimi nipike?"

"Hukusikia? Nikupigie mluzi?"

Mwanamume wa huku, miaka sabini na nne, hajawahi kugusa jiwe la kusagia. Nikapiga magoti, nikasaga mahindi, mgongo unalia. Tortilla zangu, ile mikate yetu ya mahindi, zilitoka na pembe kama ramani. Nikachinja kuku, nikapika tesmole, ule mchuzi wetu mzito wa pilipili, nao ukashika chini. Jirani yetu Gaudencio akachungulia uani, akasema, "Filogonio, umeolewa lini?" Nikamrushia gunzi. Eufrosina akawa anakoroga sufuria yake pembeni, hanisaidii, ila nikikosea anakohoa. Nikianza kutia pilipili mbichi, anakohoa. Nikisahau majani, anakohoa. Nicandra anasuka maua ya njano kwenye tao la meza, naona mabega yake yanatikisika, sikujua anacheka au analia.

Sahani kumi na moja zikapangwa. Mbili zake zimekaa vizuri, tisa zangu zinatia huruma. Mishumaa kumi na moja. Nicandra akaweka picha ya baba yake, ile ya kitambulisho, hatukuwa na nyingine. Eufrosina akafukiza ubani, akafungua mlango wazi. Nje kuna ukungu. Akasimama kizingitini akasema, "Ingia mwanangu. Baba yako kapika, utavumilia."

Tukakaa kando tuwaache wafu wale. Muda mrefu. Mvuke unapanda, mishumaa inacheza. Mimi nilikuwa natazama zile sahani tisa na naona aibu hata ya kupumua. Nicandra alishika mkono wa bibi yake kwa upande mmoja, na upande wa pili, baada ya kitambo, wangu.

Mvuke ulipokwisha Eufrosina akainuka. Maana chakula wakishakula wao, kinakuwa chetu. Akachukua sahani moja mezani, moja ya zile zangu, akaonja kwa kidole. Akakunja uso.

"Chumvi imezidi," akasema. "Na chini imeungua."

"Ndiyo, mama."

"Sahani tisa za hivi tutazimaliza lini?"

"Mwite Gaudencio," Nicandra akasema. "Kwa maneno yake yale, ale tatu peke yake."

Gaudencio akaitwa, akaja na mkewe na chupa. Nicandra akasogeza mabenchi, Eufrosina akagawa, kubwa kuliko zote akaniwekea mimi, iliyoungua zaidi, akaketi upande wangu wa kushoto, tukala.